Injinia Aliyesimama Barazani

Mume wangu alikuwa seremala. Alitengeneza mapaa ya nyumba, vitanda, madawati ya shule na majeneza, na mwaka wake wa mwisho alifunga mbao za daraja. Tulikaa Busibwabo, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kwenye mto ambao watu wa upande wetu huuvuka wakienda soko la Amukura. Si mto mkubwa. Wakati wa kiangazi mwanamke mwenye kapu la dagaa kichwani aliuvuka bila kupandisha nguo sana. Lakini mvua za masika zikianza, Amukura ilikuwa nchi nyingine. Mgonjwa akikutwa ng'ambo alibaki ng'ambo, na bibi harusi pia.

Injinia alikuja mwaka mmoja baada ya Wahindi waliofukuzwa Uganda kupita Malaba na Busia, masanduku yamefungwa juu ya magari yao. Tulikuwa mtoni, mimi na mama mkwe wangu na wanawake wengine, tunaanika muhogo juu ya jiwe kubwa lililo ukingoni. Landrova ya serikali ilisimama. Alishuka dereva, mtu mrefu mwenye kitambi, na sote tukamsalimia kwa heshima tukidhani ndiye mkubwa. Nyuma yake akashuka mtu mwembamba, wa miaka arobaini na kitu, mwenye kofia nyeupe ya Kiislamu iliyokwisha kuwa nyekundu kwa vumbi letu. Alivua viatu, akakunja suruali, akaingia majini na fimbo ndefu yenye alama. Huyo ndiye aliyekuwa injinia. Alikuwa Mswahili wa pwani. Hatukuwa tumewahi kuona injinia mweusi, na nadhani alijua, kwa sababu alitusubiri tumalize kumtazama ndipo akazungumza.

Alikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe, aliyekuwa mkubwa wetu kwa umri.

"Mama, shikamoo. Naomba kuuliza. Mto huu ukijaa, maji hufika wapi?"

Mama mkwe hakuwa na Kiswahili kingi, lakini alichokuwa nacho hakukionea haya. "Kila mwaka, ama ile mwaka mbaya?"

"Ule mwaka mbaya."

"Ile mvua ya kabla ya Uhuru, maji ilifunika hii jiwe. Yote."

Injinia alilitazama jiwe. Lilikuwa limempita kwa kimo. "Lilifunikwa lote, au maji yalifika nusu?"

"Mimi niliacha muhogo yangu hapa juu," mama mkwe akasema. "Ilienda."

Aliandika katika daftari. Kisha akaenda kumuuliza mzee mmoja aliyechunga ng'ombe ng'ambo, na mwanamke mwingine aliyelima kando ya mto, kila mmoja peke yake, ili asisikie mwenzake amesema nini. Wote walimpa jibu lile lile. Aliporudi alitoa kopo la rangi nyekundu na kuchora mstari juu kabisa ya jiwe. Akamwambia mama mkwe kwamba daraja litapita juu ya mstari ule.

Kazi ilianza mvua za vuli zilipokatika. Waliandikwa wanaume wa pande zote mbili, Wakhayo wa kwetu na Wateso wa ng'ambo, na mume wangu akawekwa kuwa fundi mkuu wa mbao. Zege bichi ni kama uji. Haliwezi kujibeba mpaka likauke, kwa hiyo chini ya daraja hujengwa kwanza daraja jingine la mbao na magogo, la kulibeba lile la zege. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, na aliipenda. Jioni alinieleza akila namna kila gogo linavyokazwa kwa kabari, na namna fundi anavyojua kwa sauti ya nyundo kama kabari imeshika au imedanganya.

Injinia naye alimpendeza. Alisema ni mtu wa swali moja. Ukimwambia gogo hili ni imara, anakuuliza, "Unajuaje?" Si kwa kukudharau. Anataka kweli kujua. Siku ya kwanza mume wangu alikasirika. Siku ya pili akamwonyesha ile kazi ya sauti, na injinia akachukua nyundo na kwenda gogo kwa gogo, akigonga na kusikiliza, na akalipata moja lililolegea ambalo mume wangu mwenyewe hakuwa amelisikia. Tangu hapo walikuwa wakila chakula cha mchana pamoja. Baba yake injinia alikuwa mwashi huko pwani, wa nyumba za mawe ya matumbawe. Alimwambia mume wangu kwamba alisoma ng'ambo ya bahari, kwenye baridi, miaka mingi, lakini kujua kama kitu kimesimama sawa alifundishwa na baba yake kabla hajaanza shule.

Jioni moja mume wangu alirudi akanawa mikono, akakaa bila kugusa chakula.

"Daraja imeshuka," akasema.

Mama mkwe akauliza nani ameishusha.

Imetoka ofisini, akatuambia. Michoro mipya imeletwa. Wakubwa wameona daraja la juu namna ile ni kubwa mno kwa mto mdogo, na wanataka likamilike kabla ya masika, kwa hiyo nguzo zitakatwa na daraja litapita chini ya ule mstari mwekundu.

"Na injinia amesema nini?"

"Hajasema kitu. Alikunja karatasi, akaenda kusimama pale kwa jiwe."

Sikumbuki kama tuliongeza neno. Tulikuwa watu wa kulima. Mambo ya michoro yalikuwa na wenyewe.

Siku ile ya kumwaga zege la juu nilipeleka chakula kama kawaida, ugali na mrenda, na baada ya mume wangu kula sikurudi nyumbani, nilikaa na wanawake waliokuwa wakibeba kokoto. Kwetu jua lilikuwa kali. Mawingu yalikuwa mbali sana, upande wa mlima Elgon, meusi, na hakuna aliyeyajali. Walikuwa wameanza kumwaga tangu asubuhi na hawakuweza kukatiza. Zege likianza lazima limalizwe. Uzito ulipoongezeka magogo yalianza kukaa, na mume wangu akashuka chini na nyundo yake kukaza kabari. Kwa kuwa daraja lilikuwa limeshushwa, alifanya kazi ameinama, maji yakimfika magotini.

Kilichobadilika kwanza ni rangi ya maji. Yalikuwa ya kijivu, yakawa kama chai. Halafu tukasikia sauti, na mtu akaita kutoka juu, na wanaume wakaanza kuruka. Maji yalikuja na mti mzima, mizizi ikiwa mbele. Niliuona ukiyapiga magogo. Nilimwona mume wangu ameinua mkono mmoja, ule wa nyundo, kama mtu anayetaka kumwambia mwenzake angoje. Kisha daraja lote likakaa chini, polepole kuliko unavyofikiri, likamkalia.

Injinia aliingia majini na nguo zake zote. Walimtoa wanaume wawili kwa nguvu, akaingia tena, wakamtoa tena. Tulimpata mume wangu siku ya pili asubuhi, chini sana, kwenye matete. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Tulikuwa na watoto watatu.

Katika mazishi injinia alisimama nyuma ya wanaume, akatupa udongo wake zamu yake ilipofika, akanipa pole. Sikuwa na hasira naye wakati ule. Sikuwa na kitu chochote.

Hasira ililetwa wiki kadhaa baadaye, na nyapara aliyesimamia vibarua wa daraja. Alikuja nyumbani akakataa kiti, akatuambia amesikia taarifa ya ofisi imetoka. Taarifa inasema magogo hayakufungwa sawasawa. Inasema ni uzembe wa fundi.

"Wewe ulikuwepo," nikamwambia. "Yalifungwa vibaya?"

"Mama, mimi nimeambiwa tu," akajibu, macho yake yako kwenye kuku wetu.

Maneno kama hayo hayakawii kufika sokoni. Sikuambiwa kitu usoni, watu wetu hawana tabia hiyo. Lakini kulikuwa na jirani ambaye mume wangu alimjengea paa miaka miwili nyuma, paa zuri la mabati. Siku moja nikipita na mtungi nikamwona seremala mgeni juu ya paa lile, ametolewa Khunyangu, anagonga mbao moja moja, na jirani yuko chini amemshikia ngazi. Jirani aliponiona aliangalia pembeni. Nilifika nyumbani nikalia mara ya kwanza tangu mazishi, na nililia kwa ajili ya lile paa.

Mwezi uliofuata chifu aliita baraza. Ilikuwa habari ya chanjo ya ng'ombe. Tulikwenda kwa sababu kutokwenda ni faini. Tumekaa kwenye nyasi mbele ya ofisi yake, wanaume mbele na wanawake nyuma, daktari wa ng'ombe amekwisha kusema yake, tukamwona injinia akija kwa miguu kutoka barabarani. Hakuja na landrova. Alizungumza na chifu kwa sauti ya chini, na chifu akatikisa kichwa, na injinia akazungumza tena. Mwishowe chifu akasema kuna mgeni mwenye neno, na kwamba neno lenyewe si la serikali, ni la mgeni.

Injinia alivua kofia. Kwa dini yake hakulazimika kuivua, na sijui kwa nini aliivua. Alisema Kiswahili chake cha pwani, na chifu akawa anageuza kwa Kikhayo.

"Mimi ndiye injinia wa daraja lililoanguka," akasema. "Kuna taarifa inayosema fundi wa mbao alikosea. Fundi yule hakukosea. Nilizipima mbao zake mimi mwenyewe asubuhi ya siku ile, zote, na zilikuwa imara. Mbao hazikuangushwa na ufundi mbaya. Ziliangushwa na maji, na maji yalizifikia kwa sababu daraja lilikuwa chini mno. Mchoro wa kulishusha una sahihi yangu. Tena sikuweka mtu wa kuangalia mto huko juu, ingawa niliona mawingu. Nimeandika hivyo ofisini kwangu. Lakini barua ya ofisini hamtaisoma ninyi, ndiyo maana nimekuja kusema hapa."

Chifu akamaliza kugeuza. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akainuka.

"Kwa hivyo wewe ndio uliua ndugu yangu."

"Sikutaka afe," injinia akasema. "Lakini ndiyo. Sahihi ni yangu."

Watu walianza kunung'unika, na askari wa chifu akasogea karibu na shemeji. Hapo mama mkwe wangu akasimama huko nyuma kwa wanawake. Mwanamke kusimama barazani bila kupewa nafasi halikuwa jambo la kawaida. Alipita katikati ya wanaume mpaka mbele.

"Mimi nilikuonyesha jiwe," akamwambia.

"Ulinionyesha, mama."

"Na wewe uliandika."

"Niliandika."

"Sasa kwa nini?"

Injinia alimtazama mama mkwe. "Niliogopa," akasema. "Nilingoja miaka mingi kupewa daraja nilijenge mimi. Nikaambiwa nikikataa, yuko mwingine atakayelijenga. Nikajiambia maji kama yale uliyonionyesha huja mara moja katika maisha ya mtu."

Chifu alisita, kisha akayageuza maneno yale kama yalivyo. Mama mkwe aliyasikia mara mbili, kwa Kiswahili na kwa lugha yake.

"Umesema," akamwambia. "Kaa chini."

Na injinia akakaa chini, pale pale kwenye nyasi, na mama mkwe akarudi mahali pake, na chifu akaendelea na ng'ombe.

Watu huniuliza kama nilimsamehe siku ile. Hapana. Nilikwenda nyumbani na chuki ambayo sasa ilikuwa na mtu. Ningependa angekuwa mwongo, ningemchukia kwa raha. Lakini wiki ile ile seremala wa Khunyangu hakuonekana tena, na jirani akaja kunisalimia na mkungu wa ndizi, akakaa, akazungumza habari za mvua. Nilielewa. Barua ya ofisini isingenifanyia hivyo.

Injinia aliondolewa ukubwa. Kulikuwa na habari kwamba angefukuzwa kabisa, kisha ikasemekana amepelekwa kukarabati kalvati za kupitishia maji chini ya barabara huko Butula. Alipanga chumba mjini Busia, nyuma ya duka la mwenye kuuza misumari na saruji, Mwislamu mwenzake. Mwaka ukapita hivyo, mabaki ya daraja yamelala mtoni kama mzoga, watu wakivuka kwa kamba.

Siku moja akatokea nyumbani kwetu, amebeba ubao mweupe mrefu wenye tarakimu nyeusi. Mama mkwe alimpa kiti. Mimi niliendelea kupepeta wimbi ya uji.

Alisema daraja litajengwa upya, juu, pale pale alipopima mara ya kwanza. Injinia mkuu atakuwa kijana mmoja kutoka Kisumu na yeye atakuwa chini yake. Ameomba jambo moja na limekubaliwa. Mto uwe na mtu wa kuusoma, huko juu, kilomita moja hivi kabla ya daraja, kila asubuhi na kila jioni, na siku za kazi kutwa nzima. Maji yakipanda ghafla, agonge kengele na wanaume watoke chini.

"Nimekuja kukuuliza wewe," akaniambia.

"Kwa nini mimi?"

"Umesoma mpaka darasa la saba. Unajua kuandika tarakimu."

"Wako wengine wamesoma."

"Wako," akakubali.

Nikamwambia sitaki kazi yake. Nilisema na maneno mengine ambayo siyaandiki. Aliyasikiliza, akasimama, akaacha ule ubao umeegemea ukuta, akaaga. Alipokwisha kwenda mama mkwe akaniuliza kwa lugha yetu, "Unataka mto uangaliwe na mtu ambaye haujamchukulia kitu?"

Ubao ulikaa ukutani siku nne. Siku ya tano nikaubeba kichwani mpaka mtoni.

Alinifundisha yeye. Shuleni tulipimishwa kwa futi na inchi, na ubao ule ulikuwa wa mita, kwa hiyo ilinibidi nijifunze kuona upya. Usisome mahali wimbi linaporuka, aliniambia. Subiri litulie, soma katikati. Andika ulichokiona, usiandike unachodhani kinafaa. Kama hukuja siku moja kwa sababu mtoto anaumwa, acha nafasi wazi, usiijaze. Nafasi iliyo wazi ni ya kweli, tarakimu ya kubuni ni ya uongo. Kwa kengele alinipa kipande cha reli kutoka Malaba, kama vile tulivyokuwa navyo shuleni, akakitundika kwenye mti pamoja na nyundo.

Nilikuwa napiga hesabu ya mto kabla ya jua kupanda, wakati ukungu bado umekaa juu ya maji. Miezi ya kwanza niliutukana kila asubuhi, kwa sauti, maana hapakuwa na mtu. Halafu matusi yakaisha yenyewe. Nilianza kuujua. Nilijua mvua ya Elgon inachukua saa ngapi kutufikia. Nilijua kwamba vyura wakinyamaza mchana kuna jambo.

Injinia alikuwa akija kila Jumamosi kuchukua tarakimu. Mwanzo tulizungumza habari za mto tu. Siku moja akaniomba nimsimulie mume wangu alijifunzia wapi useremala, na nikamwambia, na nikaona ninaweza kumtaja bila kutetemeka. Naye alinieleza habari za nyumba yao ya pwani, mkewe na binti yake mmoja, ambao hakuwaona zaidi ya mara mbili kwa mwaka. Mkewe alikataa kuja bara. Alisema bara ni baridi na watu hawajui kupika wali. Alieleza hilo bila kucheka, kwa hiyo na mimi sikucheka. Katika maongezi hayo sikumwita kwa kitu chochote ila bwana injinia, na yeye aliniita mama.

Masika ya kwanza baada ya kazi kuanza, mchana mmoja, maji yalipanda kiganja kizima kwa muda wa kuchemsha chai. Nikagonga reli. Huko chini walikuwa katikati ya kumwaga zege la nguzo. Wanaume wote walitoka, zege likaachwa, likakauka nusu. Na mto ukapanda kiganja kingine, ukasimama, ukashuka. Hakuna kilichotokea. Ilibidi wavunje nguzo ile kwa nyundo na kuanza upya.

Yule injinia kijana wa Kisumu alikuja kwangu na buti zake zimejaa matope. Aliniambia mama, umetuharibia kazi ya siku nzima. Akaniuliza kama ninajua maana ya kazi. Injinia wetu alikuja nyuma yake, akiwa na pumzi fupi, maana kupanda ule ukingo kulikuwa kumeanza kumshinda.

"Ulisoma ngapi?" akaniuliza.

Nikampa daftari. Akasoma, akamwonyesha yule kijana.

"Amesoma sawa," akasema.

"Lakini maji hayakuja."

"Hayakuja," injinia akasema. "Mama, kesho yakipanda hivi, utafanya nini?"

Niliwatazama wote wawili. "Nitagonga."

"Gonga," akasema.

Mwezi mmoja baadaye yalipanda hivyo tena, nikagonga, na safari ile yalikuja kweli, na matawi na mzoga wa ndama. Wanaume kumi na moja walikuwa wametoka chini. Mbao zote zilisimama, kwa kuwa maji yalipita chini yake kwa nafasi ya mtu kusimama wima. Yule kijana hakuja kuniambia kitu, lakini Jumamosi alituma kilo mbili za sukari.

Daraja lilimalizika kiangazi kilichofuata. Mkubwa mmoja alikuja kulifungua, utepe ukakatwa, wanafunzi wakaimba, Wateso wakaja na akogo zao za kupigwa kwa vidole gumba na Wakhayo na ngoma zao. Katika hotuba walitajwa watu wengi. Injinia alisimama na wapiga zege, upande wa Amukura, chini ya jua. Mama mkwe alivuka daraja mara tatu, kwenda na kurudi na kwenda, akihesabu hatua, kisha akaenda kusimama mbele ya injinia.

"Imekuwa juu," akamwambia.

"Imekuwa juu, mama."

Akampa mkono. Hawakuzungumza zaidi. Mimi nilimpa mkono siku ile pia, na nilipompa niligundua kwamba ile chuki haikuwemo. Sijui ilitoka lini. Haikuaga.

Baada ya hapo alipelekwa Malaba, kwenye barabara ya malori ya kwenda Uganda, na tulimwona mara chache. Mambo ya mpakani yalikuwa yameharibika wakati ule, malori yakikaa siku nyingi, watu wakivuka kwa siri na vyombo vyao, na kazi yake ilisimama na kuanza na kusimama. Alikonda. Ulikuwa ugonjwa wa sukari, na mguu wake mmoja ulipata kidonda kisichopona. Alikuja mara ya mwisho akitembelea mkongojo, akasoma daftari langu la mto, ambao bado nilikuwa nausoma, akiwa amekaa kwenye landrova, dereva amemshikia mkongojo. Aliona siku tatu nilizoacha wazi, mtoto wangu wa mwisho alipokuwa na surua, akaweka kidole hapo, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Aliomba aende kwao. Walimruhusu, na alifia kwao pwani, katika miaka ya mwisho ya muongo ule.

Habari zililetwa na yule mwenye duka la misumari. Alisema Waislamu wa mjini watasoma dua Ijumaa, na kwamba kabla ya kuondoka marehemu alimwachia maagizo: siku hiyo ikifika, watu wa Busibwabo waambiwe. Mama mkwe alikuwa amezeeka, magoti yanamsumbua, lakini hakutaka kusikia kwamba abaki. Tulipanda baiskeli za kukodi mpaka Busia, kila mmoja nyuma ya mwendeshaji wake, tukiwa na kuku wawili na kilo chache za wimbi kwa sababu kwetu mtu haendi matangani mikono mitupu.

Hatukuwa tumewahi kuingia nyumba ya Waislamu. Wanawake walitupokea mlangoni, wakatupa leso za kujifunika, wakatuketisha kwenye mikeka pamoja nao. Wanaume walikuwa chumba cha mbele, tukizisikia sauti zao zikipanda na kushuka kwa Kiarabu. Mama mkwe alifumba macho akasali sala zake za Kikristo kwa sauti ya chini, na hakuna aliyemkataza. Baadaye tuliletewa pilau katika sinia moja, tukala pamoja na wanawake wanne tusiowajua.

Mmoja wao, mwanamke mnene mwenye sauti laini, akaniuliza marehemu alikuwa nani kwetu.

Nilianza kusema nilifanya kazi naye, na ilikuwa kweli, lakini haikutosha. Mama mkwe alikuwa anatafuna taratibu, kwa meno machache aliyobaki nayo. Alimeza kwanza.

"Alikuja kwetu kutuambia ukweli," akamwambia yule mwanamke. "Kwa mguu yake."

Yule mwanamke akaitikia kwa kichwa, akasukuma nyama upande wetu wa sinia, akatuhimiza tule, kwa sababu safari ya kurudi ilikuwa ndefu na mvua ilikuwa inakuja.